Mutoto Mwenye Hakulia

Lubumbashi, tarehe 16 mwezi wa pili 2025

Chancelvie, mutoto yangu,

Jambo sana. Natumaini uko na afya na ulipata blanketi, juu banasema Mbeya iko na baridi ya kukata masikio. Ku simu ulisema "niko muzuri, Mama mukubwa", na mi nikasema "na mi niko muzuri", tukamaliza. Ku simu bantu bote beko bazuri! Na unajua simu yangu inakaa mu mikono ya majirani kupita mu mikono yangu. Basi nimekamata kalamu. Kabwe, ule dereva wa kamyo tunasali naye, anapitaka Mbeya na shaba kila mwezi, na amekubali kubeba barua zetu. Kama atachelewa ku mupaka, tutavumilia.

Habari za kwetu. Mvula inanyesha kila siku, barabara ya Ruashi imekuwa matope matupu. Napika bukari ya muntu mumoja na bado inabakia. Toka mama yako, mudogo yangu, alikufa, ni miaka makumi mbili na mbili nalala nasikia mwingine anapumua mu hii nyumba: we na Kiki wangu, kisha we peke yako wakati Kiki aliolewa. Sasa hakuna. Nafungula redio hata kama sisikilizi.

Ku maternite, kule tunazalishaka, banakusalimia bote. Doudou mwenzetu wa kazi anasema utarudi na Swahili ya televisheni. Nimemujibu, arudi na akili, Swahili tutamusamehe. Usisahau kile tulitia sahihi, mi na we: bourse ya masomo ni miezi kumi kule, kisha miaka mbili hapa, unafundisha bantu ba salle yako na kubafuata mu kazi, mumoja mumoja. Mi niko wa kwanza ku liste. Docteur alicheka: "Mama Victorine, mukubwa wa salle, miaka makumi tatu ya kazi, utafundishwa na mutoto ulimulea?" Nilimuuliza, sasa unataka nifundishwe na nani, na muke wako?

Sasa neno yangu. Angalia muzuri vile banafanyaka kule kama mutoto anazaliwa na halii. Kila kitu, toka sekunde ya kwanza. Uniandikie. Unajua nauliza juu ya nani. Mutoto wa Kiki angekuwa na mwaka moja na nusu leo. Nilimupangusa, nilimushika kichwa chini, nilimupiga chini ya miguu, nilimunyonya makamasi, nilifanya yote balitufundisha mu 1994. Nataka kujua kama kulikuwa kitu kingine. Ni hiyo tu.

Mama mukubwa wako,
Victorine

*

Mbeya, tarehe 23 mwezi wa tatu 2025

Mama mukubwa mupendwa,

Shikamoo. Usicheke! Huku usipomwambia mukubwa shikamoo unaonekana hukulelewa na muntu. Siku ya kwanza nilimuambia Sista "Jambo", salle nzima ikanigeukia.

Barua yako imefika na harufu ya mazuti ya kamyo, nimeisoma mara tatu. Niko na afya. Blanketi nimepata mbili. Ukungu unashuka toka mulima mpaka saa ine hauoni mwenzako barabarani. Bukari wanaiita ugali na wanaipika laini, hauwezi kuishika vidoleni. Nakula peke yangu, juu wenzangu wa bourse wawili wanatoka nchi zingine na wanazungumza kiingereza mezani.

Utataka kujua kazi iko namna gani. Kila mumoja wetu amepewa mlezi wa kazi. Wangu ni Sista Subilaga, mama wa miaka hamsini, mfupi, viatu vyake vinasikika toka mwisho wa korido. Anasimama karibu yangu, anaangalia mikono yangu. Jioni tunakaa na daftari, ananiuliza: "Leo umejifunza nini? Na umekosea wapi?" Mama mukubwa, kwetu sijaulizwa siku hata moja nimekosea wapi. Kwetu unagombezwa, unarudi kazini. Mara ya kwanza aliponiuliza nililia mbele yake, hata sababu sikuijua.

Nikisema "beko" ao "bintu", wanafunzi wa uuguzi wanarudia nyuma yangu na kucheka. Hawana roho mbaya, ni batoto tu. Lakini sasa nasema kidogo. Kuna siku kutoka asubuhi mpaka jioni sijasema maneno makumi mbili. Siku ya yenga, kisha misa, naenda kusimama pale kamyo za kwetu zinapoegesha, nasikiliza tu badereva bakibishana. Mumoja aliniita sawa dada yake, "Yaya, unatafuta nani?" Nikasema simutafuti muntu.

Kuhusu ile uliyouliza, bado hatujafika kwenye hilo somo. Tukifika nitakuandikia.

Mwanao,
Chancelvie

*

Lubumbashi, tarehe 27 mwezi wa ine 2025

Chancelvie,

"Kwenye hilo somo"! Ayi, mama yangu! Miezi mbili tu na umeshakuwa mutangazaji. Doudou nimemusomea kipande kile, amecheka mpaka amekaa chini.

Kabwe anasema umekonda. Kula. Kama ugali yao ni laini, ongeza unga, haiko kazi ya docteur.

Huku mvula imekwisha, vumbi imeanza. Ku lopitali balikuja bantu ba inspection. Nilibafungulia kabati, balihesabu yote, hakuna hata kitu kimoja kimekosa: balance ya kupimia batoto, makasi, pince, hata ile ballon na masque ya kuingizia mutoto pumzi, ile wafadhili balituletea miaka tatu nyuma. Iko bado mu plastiki yake, inang'aa. Mukubwa wao aliniambia mbele ya bote: "Maternite zote zingekuwa na Mama Victorine, hakuna kingepotea." Salle ya jirani, ballon yao iliibiwa mwezi wa kwanza tu. Mi funguo iko ku shingo yangu, nalala nayo, naoga nayo.

Kiki alipita ku Pasaka. Alikaa ku kiti dakika kumi na tano, hakutoa hata foulard ya kichwa. Nilimupa sombe, akasema ameshakula. Nilimuuliza habari ya Aaron bwana yake, akasema yuko muzuri, kazi ya mugodi kule Kinsevere inaendelea. Mi na ule mutoto nilimuzaa tunasalimiana sasa sawa bantu banakutana ku guichet ya benki. Toka siku ya kilio hajaniambia neno moja mubaya. Ingekuwa afazali aniambie.

Somo munafika lini? Miezi mbili mu maternite na hamujaona mutoto mwenye halii? Kwetu tunaona kila juma. Niandikie. Niko na haraka, usiniulize ya nini.

Mama mukubwa wako

*

Mbeya, tarehe 1 mwezi wa sita 2025

Mama mukubwa,

Shikamoo. Barua yako ilichelewa, Kabwe alisema foleni ya mpakani ilifika kilomita nyingi. Natumaini hamjambo wote, na kifua chako hakisumbuliwi na vumbi.

Huku baridi imezidi. Asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe. Nimenunua sweta kwenye mitumba, ya kijani, inanifika magotini.

Lile somo tumelifanya. Ni mambo ya mashine nyingi, kwetu haziko. Usijisumbue nalo. Ulifanya yote yaliyowezekana, Mama mukubwa, nilikuwa pale na niliona.

Sista Subilaga juzi aliniuliza tena nimekosea wapi. Nikasema sijakosea popote. Akafunga daftari.

Msalimie Doudou, na Kiki pia akipita.

Chancelvie

*

Lubumbashi, tarehe 22 mwezi wa sita 2025

Chancelvie,

Leo sikusalimii sana, utanisamehe. Umeniandikia uongo. Barua ni ukurasa moja, na nusu yake ni baridi. Nilikuosha, nilikusuka, nilikupeleka shule ya bauguzi. Ukisema uongo unakuwaka na heshima mingi. "Usijisumbue." Nani alikufundisha kuniambia vile?

Nitakuambia kile nilificha, halafu na we utaniambia kile unaficha. Kiki iko na mimba. Miezi saba. Unajua kwetu mimba haitangazwe, na zaidi kisha kuzika, njo maana nilinyamaza. Hata mi nilijua ku tumbo yenyewe, hakunieleza. Juma lililopita nilimufuata kwake, nikamuambia, mwanangu, njoo uzalie kwetu, nitakuwa pale. Alikuwa anakunja manguo. Hakunyanyua kichwa. Alisema: "Mama, mikono yako naiogopa."

Nilirudi na miguu mpaka nikachoka, kisha nikapanda taxi.

Sina hasira na yeye. Hii mikono imepokea batoto ba nusu ya Ruashi, na mutoto wangu mwenyewe anaiogopa, na mi nashindwa kumujibu juu sijui kama anakosea. Njo kile nataka. Niambie ningefanya nini. Kama itaniua, basi iniue, lakini nijue mbele ya mwezi wa nane.

Victorine

*

Mbeya, tarehe 6 mwezi wa saba 2025

Mama,

Leo sisemi mama mukubwa. Barua yako imefika asubuhi hii. Nimempigia Doudou simu palepale, nimemusomea hatua zote, ameandika. Fungua kabati leo, usingoje. Mutoto asipolia: mupanguse, mupashe moto, musugue mugongo. Kama bado, ballon na masque, mbele dakika moja haijaisha. Hakuna kumushika kichwa chini. Hakuna kumupiga. Hakuna kukawia na makamasi huku dakika zinakwenda. Mengine Doudou anayo. Hiyo ilikuwa ya kazi, na ya kazi inasemeka ku simu. Hii nyingine siwezi kuisema nikisikia unanyamaza upande wa pili.

Lile somo lilikuwa la kwanza kabisa, juma la kwanza. Walitupa mwanasesere wa mpira. Nilibonyeza ballon, kifua chake kikapanda. Nilitoka nje nikatapika. Sista alifikiri ni chakula.

Nilikudanganya mara mbili, na hukukosea, kweli nilikuwa na heshima nyingi. Labda ulifikiri nakuhurumia. Mama, sikuwa nakuhurumia. Nilikuwa najificha.

Sikujifunza kitu kipya huku. Ile ballon nilijua ni ya nini. Tulisomeshwa ku shule, kwa picha tu, lakini nilijua. Siku Kiki alizaa, nilisimama upande wako wa kushoto, nashika taa ya simu juu courant ya umeme ilikuwa imekatika. Niliangalia kabati. Niliangalia funguo ku shingo yako. Neno lilifika mpaka hapa mu koo: "Mama mukubwa, ballon." Maneno tatu. Doudou alikuwa pale, mama mukwe wa Kiki alikuwa pale. Nikajiuliza, mi ni nani wa kumufundisha kazi yake mama aliyenilea, mbele ya bantu? Nikanyamaza. Nilishika taa. Niliishika vizuri sana, haikutikisika hata kidogo, na wewe ulisema baadaye, "Asante, Chancelvie, uliniangazia muzuri." Hiyo asante yako sijawahi kuimeza.

Nimemwambia Sista Subilaga yote. Amesema hakuna anayejua kama angepona. Wako wasiopona hata na ballon. Alitaka kunituliza. Nimetulia kidogo, kisha nimerudi palepale.

Basi usiseme tena mikono, mikono. Kama Kiki anaogopa kitu, aogope mudomo wangu. Na sijui nitarudi namna gani kusimama mbele yako na kukufundisha. Nimebakia miezi mitano na naogopa kila siku inayopita.

Chancelvie

*

Lubumbashi, tarehe 14 mwezi wa tisa 2025

Mutoto yangu,

Jambo. Utasema nimenyamaza miezi mbili kwa hasira. Kamyo ya Kabwe ilikaa ku mupaka, Kasumbalesa, majuma tatu, hiyo ni kweli, lakini ingine yote ni miye. Nimeandika mara ine, nimepasua mara ine.

Nilikuona. Siku ile nilikuona unaangalia kabati, kisha unaangalia shingo yangu. Nilijua unataka kusema nini. Na mi nilikukazia macho, vile nilikukaziaka macho ukiwa mutoto na wageni beko ku meza. Ukanyamaza. Ulinyamaza juu nilikulea vile. Miaka makumi mbili nilikufundisha kunyamaza mbele ya bakubwa, na ulifunzika muzuri.

Unafikiri sikujua. Acha nikuambie. Ile ballon, wafadhili baliileta, bakapiga picha, bakaenda. Hakuna mwenye alinionyesha inashikwa namna gani. Nilikuwa mukubwa wa salle, niliona haya kuuliza. Nikaifunga, nikasema ni juu ya wezi, na bantu bakanisifu. Nilikuandikia hata hiyo sifa, nikajisikia vizuri! Siku ya mutoto wa Kiki nilikumbuka kabati kabla yako, Chancelvie. Niliogopa nitaishika mubaya, mama ya Aaron ananiangalia, Doudou ananiangalia. Haikukuwa kukosa kujua. Ilikuwa haya. Mutoto alikufa juu ya haya yangu, na kama angekufa hata na ballon, hiyo pia sitaijua tena.

Na bourse. Balinipa kwanza mi, nikabaambia ku bureau miaka yangu imepita, baweke jina yako. Kweli miaka ilipita. Lakini nilikuchagua juu ya ile macho yako ya siku ile, yaliangalia kabati. Nilitaka urudi na ruhusa ya kusema, karatasi yenye muhuri, niwe sina njia ya kukunyamazisha.

Kabati haifungwe tena. Doudou alishona mutoto wa bitambaa, njo tunajifunzia. Mara ya kwanza nilishika masque juu chini, akacheka, nikamuacha acheke. Mwezi wa nane batoto batatu balipumua na ballon. Mumoja, mama yake ni wa Kasungami, alirudi na kifurushi kizima cha mboga ya lengalenga. Wa ine hakupumua. Tulifanya yote sawasawa na hakupumua. Nakuambia yote sasa.

Nilienda kwa Kiki mwisho wa mwezi wa saba. Bantu balinikataza, mwanamuke wa mimba haambiwe neno nzito. Nilimuambia, juu nilitaka aulize kule atazalia kama ballon iko na nani anajua kuishika. Nilimuambia kabati, nilimuambia haya. Ya kwako sikuisema. Hiyo ni yako, utaisema ukitaka. Hakulia. Aliniuliza kitu kimoja: "Kabati ilikuwa mbali namna gani?" Nikasema hatua ine. Akaingia mu chumba. Aaron alinisindikiza mpaka ku barabara.

Amezaa tarehe 30 ya mwezi wa nane, ku lopitali ingine, mutoto mwanamuke. Nilisikia ku kanisa, kwa muke wa Kabwe. Unajua kwetu, mama wa mwenye kuzaa njo anaendaka kuosha mutoto mpaka kitovu kianguke. Nilikuwa nimenunua sabuni na bikwembe bibili bya kumufunga mutoto. Nilivaa, nikakaa tayari, siku ya kwanza, siku ya pili. Sasa ni majuma mbili, kitovu kimeshaanguka. Mama ya Aaron njo alimuosha.

Rudi mwezi wa kumi na mbili. Usiogope. Mi njo naogopa, na nitakuja kazini vile vile. Mu salle usiniite Mama mukubwa, niite Mama Victorine sawa bengine. Ukiona nakosea, sema, mbele ya bote. Nikikukazia macho, sema na nguvu zaidi. Jioni tutakaa na daftari, utaniuliza vile Sista wako anakuulizaka, na mi nitajibu.

Muke wa Kabwe alienda kumuona. Anasema mutoto alitoka analia mwenyewe, hakuna hata muntu alimusugua mugongo. Analia asubuhi mpaka mangaribi, na nguvu, mpaka majirani banalalamika. Mi bado sijamusikia.

Victorine